Shangazi Jikoni: Dal imepooza, paneer inameguka, chai inakatika

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: vyakula vya Kihindi vya nyumbani visivyo na nyama, ambavyo msomaji amevijaribu na havikutoka alivyotaka. Nimezisoma kwa furaha. Niliishi Ahmedabad, jimbo la Gujarat, miaka minne nikiwa mwanafunzi. Nilipanga chumba cha ghorofani kwa mama mmoja mjane katika mji mkongwe, ndani ya mmojawapo wa mitaa ile ya vichochoro yenye lango lake, wanayoiita pol. Majirani walimwita Ba, yaani mama, nami nikafuata. Nyumba ile haikuingia nyama, samaki wala yai. Nilichojifunza jikoni kwake ndicho ninachowajibia hapa, na palipo na mapishi ya Wapunjabi, Wabengali au watu wa Sri Lanka nitasema.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana ninayeishi peke yangu na nimeacha nyama tangu mwaka jana. Napika dal, ule mchuzi wa kunde zilizochemshwa, mara tatu kwa wiki lakini ladha yake ni ya maji, halafu kuna ukakasi fulani wa manjano. Nimeongeza viungo mpaka vimefika kumi na moja na bado. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza kwa kupunguza. Dal ya Ba ilikuwa na viungo sita, siku nyingine vitano. Shida yako ni wakati wa kuvitia.

Kwanza tuelewane majina, maana dengu ya mmoja ni choroko ya mwingine. Chana ni dengu. Moong ni choroko. Masoor ni adesi, zile ndogo zenye rangi ya chungwa zikishakobolewa. Toor ni mbaazi zilizokobolewa zikapasuliwa. Mgujarati akisema dal bila kuongeza neno, mara nyingi anasema hiyo toor, basi nakupa ya toor.

Chukua kikombe kimoja, kama gramu 200, osha mpaka maji yaache kuwa meupe, loweka nusu saa. Chemsha kwa vikombe vinne vya maji pamoja na nusu kijiko cha chai cha manjano. Manjano yaingie hapa mwanzoni, yachemke na mbaazi muda wote. Ukakasi unaousikia ni wa manjano yaliyonyunyizwa mwishoni, hayakupata nafasi ya kuiva. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju kabla mbaazi hazijalainika, kwa sababu kitu kichachu huchelewesha kulainika kwake na utachemsha mpaka gesi ikuishie. Kwenye sufuria ya kawaida ni dakika 40 hadi 50, kwenye sufuria ya presha ni filimbi nne au tano. Bonyeza punje kati ya vidole viwili. Ikipondeka bila kiini kigumu, piga zote kwa mchapo zichanganyike na maji yake. Hapo ndipo utie chumvi, nyanya moja iliyokatwakatwa na kipande cha sukari guru ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Acha vichemke dakika kumi.

Sasa kazi yenyewe: kuunga. Wagujarati wanaita vaghar, watu wa kaskazini mwa India wanaita tadka. Harufu ya jira au haradali imo kwenye mafuta ya mbegu yenyewe, na maji hayaitoi vizuri. Mafuta ya moto yanaitoa mara moja na kuisambaza sufuria nzima. Ndiyo maana umefika viungo kumi na moja na dal bado ni ya maji.

Pasha vijiko viwili vikubwa vya samli au mafuta kwenye kikaango kidogo. Dondosha mbegu moja tu ya haradali. Ikizama na kutulia, subiri. Ikiruka, tia nusu kijiko cha chai, ufunike.

Ba wakati huu alikuwa anakipa kikaango mgongo. Anakata ndimu, anazungumza nami, na mara katikati ya maneno ananyamaza, anageuka, anafunua. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba alikuwa anangoja mlio upungue. Haradali zikiwa bado zinapasuka kwa fujo hazijaiva. Zikinyamaza kabisa zimeanza kuungua na zitakuwa chungu. Katikati pana sekunde chache. Ndani ya sekunde hizo ingiza nusu kijiko cha jira, ambayo wengine mnaita bizari nyembamba, na iache igeuke kahawia. Kisha pilipili kavu moja uliyoivunja, majani manane ya mchuzi ambayo Ba aliyaita limdo (yafute maji, yasije yakakurukia na mafuta), na mwisho kabisa mvuje, utomvu wenye harufu kali ambao Wahindi wanauita hing, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili. Mvuje haustahimili moto mrefu. Mimi niliwahi kuutanguliza, nikawa nangoja haradali zipasuke, na dal ya nyumba nzima ikanuka moshi na kuwa chungu. Ba aliimwaga bila kusema neno, akaloweka mbaazi nyingine, akasimama kando yangu mpaka nikamaliza.

Mimina vyote kwenye dal kwa mkupuo, funika papo hapo, acha dakika tatu. Funua, kamua ndimu, pakua na wali.

Na viungo vya unga, kama pilipili ya unga au dania ya unga, vinaungua upesi kuliko mbegu. Ukivitaka, toa kikaango motoni kwanza, au vitie pamoja na nyanya, maana nyanya ina maji yake.

Ukishaweza kuunga, dal nyingine hazitakusumbua. Sri Lanka wanapika adesi kwa tui la nazi, wanaiita parippu, na kuiunga kwa kitunguu, haradali na majani ya mchuzi. Wabengali wanaunga kwa panch phoron, mbegu tano nzima zilizochanganywa: uwatu, habasoda, jira, haradali na shamari. Hizo uziandalie kikopo chake, kijiko kimoja kimoja cha kila mbegu, na usizisage.

SWALI: Shangazi, binti yangu anafanya kazi na dada mmoja wa dini ya Jain na amemwalika chakula kwetu Jumamosi. Aliniambia mgeni hali nyama, nikasema hilo rahisi. Halafu akaongeza: hali kitunguu, saumu wala viazi. Nitapika nini, na kitakuwa na ladha gani?

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Wajain wanaoshika dini yao hawali kitunguu, saumu wala mizizi: viazi, karoti, bitiruti, figili, hata tangawizi mbichi. Wao hawataki kudhuru kiumbe. Ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima, na wanaamini ndani ya mzizi mna uhai mwingi usioonekana kwa macho. Manjano makavu na tangawizi kavu wengi wao wanatumia. Wapo wasiokula jua likishazama, kwa hiyo mwambie binti yako aulize kabla hamjapanga saa. Chakula cha saa kumi na moja jioni kinaweza kuwa ndiyo heshima kubwa utakayompa. Tena tumia sufuria na mwiko vilivyooshwa vizuri, visivyo na mafuta ya nyama ya jana.

Ladha isikutie wasiwasi. Pengo la kitunguu na saumu linazibwa na huo huo mvuje. Ukifungua mkebe harufu yake inakera, lakini ukigusa samli ya moto inageuka na kufanana na kitunguu kilichokaangwa polepole. Ni utomvu wa mmea unaoota zaidi Afghanistan na Iran. India wanaula tangu zamani za kale, lakini walikuwa wanauagiza kutoka huko. Mwaka 2020 ndipo wataalamu walipopanda miche ya majaribio katika bonde la Lahaul, jimbo la Himachal Pradesh. Soma maandishi ya mkebe kabla hujanunua, kwa sababu mvuje wa unga mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano. Kama mezani kuna mtu ambaye ngano inamdhuru, huo usimpe.

Mpikie khichdi. Kikombe cha mchele, kikombe cha choroko zilizopasuliwa, osha pamoja, loweka nusu saa. Pasha samli vijiko viwili vikubwa kwenye sufuria, tia jira, karafuu mbili, kijiti cha mdalasini, mvuje, kisha mimina mchele na choroko, geuza dakika mbili. Weka manjano, chumvi na vikombe sita vya maji, pika kwa moto mdogo mpaka vilainike na kushikana, karibu kama uji mzito. Samli nyingine mwekee mezani ajimiminie mwenyewe. Hiki ni chakula cha siku nyingi mno. Ibn Batuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipoishi India miaka michache baadaye aliandika kwamba watu wa huko wanapika choroko na mchele, wanakula na samli asubuhi, na wanakiita kishri. Ba naye alikila hivyo hivyo, samli juu, hasa jioni ambazo hakutaka kupika vitu vingi.

Pembeni weka sambharo ya kabichi. Katakata kabichi nyembamba sana. Unga haradali na mvuje, tia pilipili mbichi mbili ulizozipasua kwa urefu, manjano kidogo, kabichi na chumvi, geuza kwa moto mkali dakika nne tu. Ibaki inalia mdomoni. Wengi huichanganya na karoti. Safari hii ziache. Na mtindi usiuweke mezani kabla ya kuuliza, kwa sababu wengi wao hawachanganyi mtindi usiopashwa moto na vyakula vya jamii ya kunde.

SWALI: Lassi na chaas vina tofauti gani? Mimi naona vyote ni mtindi.

JIBU: Ni mtindi, ila lassi ya Punjab ni nzito, ya sukari au ya chumvi, na glasi moja kubwa inakushibisha. Chaas ya Gujarat ni nyepesi kama maji ya mchele, na inanywewa pamoja na chakula cha mchana. Kikombe kimoja cha mtindi, viwili au vitatu vya maji baridi, chumvi, piga mpaka itoe povu. Juu nyunyiza jira uliyoikaanga kavu bila mafuta mpaka ikawa kahawia iliyokolea, ukaitwanga. Twanga nyingi uweke kwenye chupa, utaihitaji tena hapa chini.

SWALI: Shangazi, naweza kuweka maharage mekundu mabichi kwenye jungu la umeme la moto mdogo asubuhi, nikaenda kazini, jioni nikakuta rajma, ule mchuzi wa maharage mekundu, imeiva?

JIBU: Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, na punje nne au tano tu zinaweza kumfanya mtu mzima atapike na kuharisha vibaya. Moto mkali wa kuchemka unaiharibu sumu hiyo. Joto la jungu lile linaweza lisifike huko, na maharage yakawa yamelainika huku bado ni hatari. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali nusu saa nzima. Baada ya hapo hata jungu la umeme linafaa. Wapunjabi wanatumia sufuria ya presha, wanaponda kiganja kimoja cha maharage ndani ya mchuzi wa nyanya, kitunguu, tangawizi na saumu ili uwe mzito, na wanakula na wali.

SWALI: Paneer yangu, ile jibini nyeupe ya Kihindi, ikitoka kwenye kitambaa inakuwa kama makombo, na siku nyingine ni ngumu kama kifutio. Natumia maziwa ya pakiti yale ya kukaa muda mrefu. Dada yangu anasema nitie siki zaidi.

JIBU: Dada yako msamehe, siki zaidi haitasaidia. Badilisha maziwa. Yale ya kukaa muda mrefu yamepita kwenye joto kali sana kiwandani na mgando wake haushikani vizuri. Tafuta maziwa freshi yenye mafuta yake yote. Lita moja itakupa paneer ya gramu 150 hadi 200, usitegemee zaidi.

Yachemshe huku unakoroga yasishike chini. Yakipanda, zima moto, ngoja dakika moja. Tia vijiko viwili vikubwa vya maji ya ndimu uliyoyachanganya na maji kiasi hicho hicho, kidogo kidogo, huku unageuza taratibu. Acha kutia mara tu maji yanapojitenga na kuwa na rangi ya kijani kilichopauka. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha moto unawaka na mgando unaendelea kuchemka, na kila dakika unakuwa mgumu zaidi. Mimina kwenye kitambaa chepesi, suuza kwa maji baridi kuondoa uchachu, kamua, kunja iwe bapa, weka sufuria yenye maji juu yake kwa dakika 40. Kisha iweke kwenye friji saa moja kabla ya kukata.

Ikimeguka licha ya yote, pika bhurji: kaanga kitunguu, pilipili mbichi, nyanya na manjano, vuruga paneer humo dakika tatu, malizia na majani ya dania. Ile iliyoshikana, ukiikaanga, itumbukize kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kabla ya kuitia kwenye mchuzi, itabaki laini. Maji ya kijani usiyamwage. Ba aliyakandia unga wa rotli, zile chapati zao nyembamba zisizo na matabaka, na zilikuwa laini mpaka asubuhi yake.

SWALI: Watoto wangu wamezoea soda na nataka kuwaachisha. Kuna kinywaji cha Kihindi cha embe kisicho na maziwa?

JIBU: Kipo, mama, na kinatengenezwa kwa embe bichi, lile gumu la kijani. Kinaitwa aam panna. Kaskazini na magharibi mwa India mwezi wa Mei na Juni unavuma upepo wa moto wanaouita loo, na mtu akitoka nao barabarani hupewa glasi ya hiki kabla hajaulizwa habari. Chemsha maembe mabichi mawili na maganda yake mpaka yalainike, yakipoa menya, kamua nyama yote. Saga na vijiko sita vya sukari au sukari guru, majani kumi ya nanaa, kijiko cha chai cha ile jira iliyokaangwa, chumvi kidogo, na robo kijiko cha chumvi nyeusi ukiipata. Hiyo chumvi nyeusi ikisagwa ina rangi ya waridi na harufu ya yai. Usiitupe ukidhani imeharibika. Vijiko vitatu vikubwa vya mchanganyiko huo kwa glasi ya maji baridi. Ukiuweka kwenye chupa safi ndani ya friji unakaa siku nne. Kwa watoto anza na sukari zaidi, upunguze wiki hadi wiki.

SWALI: Shangazi, kila nikitia tangawizi kwenye chai ya maziwa, maziwa yanakatika. Nimebadilisha maziwa mara tatu. Mume wangu ameshakata tamaa, anakunywa ya rangi.

JIBU: Mwanangu, maziwa yako hayana kosa lolote. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na ukivikutanisha kabla ya moto kufanya kazi yake, maziwa yanaganda. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo tangawizi itangulie kwenye maji, ichemke, maziwa yafuate.

Kwa vikombe viwili: kikombe kimoja na robo cha maji, kipande cha tangawizi cha sentimita mbili ulichokiponda, iliki mbili ulizozipasua pamoja na maganda. Chemsha dakika tano kamili. Tia vijiko viwili vya chai vya majani, dakika mbili. Ndipo umimine kikombe kimoja cha maziwa na sukari yenu. Ikipanda, inyanyue, ikishuka, irudishe. Mara tatu. Chuja.

Majani yawe yale ya punje ndogo ngumu. Namna ile ya kuyaponda, kuyachana na kuyaviringisha kwa mashine ilianzia Assam katika miaka ya 1930, na chai yake inatoa rangi na ukali upesi, inayabeba maziwa bila kufifia. Majani marefu ya Darjeeling usiyachemshe hivi, utaharibu kitu kizuri. Hayo yamwagie maji ya moto na mnywe bila maziwa.

Ba alimimina chai yake kidogo kidogo kwenye kisahani na kuinywea humo, kama watu wengi wa Gujarat. Mume wako akiwa na haraka asubuhi, mpe na kisahani. Inapoa upesi.